Mlimani, Dodoma au Mzumbe: Mwanafunzi wa Mtwara asome wapi sayansi ya jamii?

Kila mwaka Baraza la Mitihani la Tanzania (Necta) linapotangaza matokeo ya kidato cha sita, kaya nyingi za Mtwara, Masasi, Newala na Tandahimba huanza hesabu mpya. Mwana amefaulu, lakini ni chuo kipi kinamfaa, na nani atalipa? Kwa waliosoma sayansi na hisabati majibu mara nyingi huwa mepesi, kwa kuwa fani yenyewe huelekeza chuo. Kwa waliosoma Historia, Jiografia, Uchumi, Kiswahili au Kiingereza, njia ni nyingi na kila moja ina gharama yake.

Sayansi ya jamii si kozi moja. Ni kundi la fani zinazochunguza namna watu wanavyoishi, wanavyotawaliwa, wanavyozalisha mali na wanavyogawana. Ndani yake zimo sosholojia, anthropolojia, sayansi ya siasa, utawala wa umma, uchumi, jiografia, takwimu, uhusiano wa kimataifa na taaluma za maendeleo. Mwombaji anayesema tu kwamba anataka "kusoma sanaa" huwa bado hajachagua chochote.

Makala haya yanaangalia vyuo vikuu vikubwa vya umma vinavyotoa fani hizo na mambo ambayo familia ya kusini inapaswa kuyapima kabla ya kuthibitisha nafasi.

SIFA ZA KUINGIA

Msimamizi wa elimu ya juu nchini ni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), iliyoanzishwa mwaka 2005. Kati ya mwaka 2010 na 2017 waombaji walipangiwa vyuo kupitia mfumo mmoja wa pamoja uliokuwa chini ya tume hiyo. Tangu mwaka 2017 utaratibu ni mwingine: mwombaji hupeleka maombi moja kwa moja katika kila chuo anachokitaka, na tume hubaki kuratibu na kuhakiki.

Mabadiliko hayo yana maana kubwa kwa mwanafunzi aliye mbali. Kila chuo kina mfumo wake wa maombi mtandaoni na ada yake ya maombi. Anayechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja hulazimika kuthibitisha kimoja tu kwa namba maalumu ya siri anayotumiwa. Asiyethibitisha ndani ya muda hupoteza nafasi, hata kama alama zake ni za juu.

Kwa waliomaliza kidato cha sita kuanzia mwaka 2016, kiwango cha chini cha jumla ni ufaulu wa masomo mawili makuu, kila moja kwa alama isiyopungua E, na jumla ya pointi 4.0 kwa masomo hayo mawili. A huhesabiwa pointi 5, B pointi 4, C pointi 3, D pointi 2 na E pointi 1. Hivyo mwenye D mbili, au C moja na E moja, amefikia mstari wa kuanzia. Mwenye stashahada hutakiwa kuwa na wastani usiopungua 3.0 pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne.

Hata hivyo, kufikia mstari wa kuanzia si kupata nafasi. Programu yenye waombaji wengi huchukua wenye alama za juu kwanza, na kila programu ina masharti yake ya masomo. Uchumi na takwimu hudai msingi wa hisabati, na hapo ndipo wengi wa masomo ya sanaa hukwama bila kutarajia. Mwongozo wa udahili unaotolewa na TCU kila mwaka huorodhesha masharti ya kila programu. Ni vema usomwe kabla ya kulipa ada ya maombi.

MLIMANI: CHUO KIKONGWE

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London chenye kitivo kimoja cha sheria. Masomo yalifanyika katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Mwaka 1963 kiliingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, mwaka 1964 kikahamia Mlimani, na Julai 1970 kikawa chuo kikuu kamili.

Jina la Mlimani katika sayansi ya jamii lilijengwa katika miaka ya 1960 na 1970. Walter Rodney wa Guyana alifundisha hapo, na kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka mwaka 1972. Issa Shivji alichapisha uchambuzi wake wa mapambano ya kitabaka nchini mwaka 1976. Wanahistoria Terence Ranger, Isaria Kimambo na John Iliffe walishiriki kuandika historia ya nchi kwa kuwasikiliza wananchi wenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wanafunzi wa chuo hicho walipelekwa vijijini kukusanya simulizi za wazee kuhusu Vita vya Majimaji, vita vilivyoanzia Umatumbi mwaka 1905 na kuenea kusini yote.

Leo masomo hayo yamegawanyika katika sehemu kadhaa. Ndaki ya Sayansi za Jamii ina idara kama za sosholojia na anthropolojia, sayansi ya siasa na utawala wa umma, jiografia na takwimu. Uchumi una shule kuu yake. Historia iko katika Ndaki ya Insia, na taaluma za maendeleo zina taasisi yake. Mwombaji asipolijua hilo, anaweza kuitafuta programu mahali isipokuwepo.

Faida ya Mlimani ni idara za muda mrefu, maktaba kubwa mpya iliyofunguliwa mwaka 2018, na jiji lenyewe. Nyaraka za Taifa, taasisi za utafiti kama REPOA na ESRF, vyombo vya habari, mashirika ya kimataifa na kampuni kubwa viko ndani ya safari ya daladala. Kwa anayetaka utafiti, uandishi wa habari, asasi za kiraia au kuendelea na shahada ya uzamili, mazingira hayo ni mtaji.

Ugumu wake ni gharama za maisha. Mabweni yaliyofunguliwa mwaka 2017, yanayofahamika kwa jina la Rais wa wakati huo, John Magufuli, yalijengwa kuchukua wanafunzi 3,840 na yalipunguza tatizo, lakini hayakulimaliza. Asiyepata kitanda hupanga chumba mitaani na kulipa kodi, nauli na chakula kwa bei za jiji.

DODOMA: CHUO CHA KARNE MPYA

Chuo Kikuu cha Dodoma (Udom) kilianzishwa mwaka 2007, na shughuli zake zikaanzia katika ukumbi wa Chimwaga. Kilikusudiwa kuchukua hadi wanafunzi 40,000, lengo ambalo halikuwahi kuwekwa na chuo kingine nchini. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Rais mstaafu Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso wilayani Masasi, aliyesoma Ndanda kabla ya kwenda Pugu na baadaye Makerere. Mkapa alifariki dunia Julai 2020.

Udom hutoa sosholojia, sayansi ya siasa na utawala wa umma, uhusiano wa kimataifa, taaluma za maendeleo na uchumi, miongoni mwa nyingine. Kwa kuwa kilipangwa tangu mwanzo kuwa chuo cha bweni, mabweni yake ni mengi na yako ndani ya eneo la chuo. Kwa mzazi asiye na ndugu wa kumpokea mwanawe, hilo si jambo dogo.

Faida nyingine imekuja baadaye. Serikali ilitangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, na mji huo ukapandishwa hadhi kuwa jiji Aprili 2018. Sasa wizara, Bunge na Ofisi ya Taifa ya Takwimu viko jirani na wanafunzi wa utawala, siasa na uchumi. Nafasi ya mafunzo kwa vitendo wizarani, ambayo zamani ilimvuta mwanafunzi kwenda Dar es Salaam, siku hizi huombwa Dodoma.

Upungufu wake ni wa umri. Idara nyingi ni changa kuliko za Mlimani, na madarasa ya programu zenye wanafunzi wengi huwa makubwa. Mwanafunzi mwenye aibu ya kuuliza anaweza kumaliza miaka mitatu bila mhadhiri hata mmoja kumfahamu kwa jina. Tatizo hilo haliko Dodoma peke yake, ila ukubwa wa chuo huliongeza.

MZUMBE: SHULE YA WATAWALA

Chuo Kikuu Mzumbe, kilicho nje kidogo ya mji wa Morogoro chini ya Milima ya Uluguru, kina asili tofauti. Kilianza mwaka 1953 kama shule ya serikali za mitaa iliyowafundisha machifu na watumishi wao. Mwaka 1972 kikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, kilichojulikana kwa ufupisho wa IDM, na mwaka 2001 kikawa chuo kikuu.

Asili hiyo bado inaonekana katika programu zake: utawala wa umma, uongozi wa serikali za mitaa, rasilimali watu, uchumi na mipango. Anayetaka kuwa ofisa utumishi, mtendaji au mpangaji mipango wa halmashauri hukuta njia fupi hapo. Anayetaka sosholojia ya kinadharia au historia ya fikra za kisiasa atafute kwingine.

CHUO KIKUU HURIA NA NJIA NYINGINE

Si kila aliyefaulu anaweza kuondoka nyumbani. Wapo wanaolea watoto, wanaouguza wazazi, au ambao tayari wameajiriwa. Kwa hao kipo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, ambacho hufundisha kwa masafa na kina vituo mikoani, kikiwemo cha Mtwara. Pia huendesha programu ya msingi kwa waliopungukiwa sifa za kuingia moja kwa moja. Masomo ya masafa hudai nidhamu kali, kwa sababu hakuna kengele wala jirani wa kitandani wa kumwamsha mwanafunzi asiyesoma.

Mjini Mtwara kuna pia Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris, kilichoanzishwa mwaka 2009 chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino. Hicho ni cha Kanisa Katoliki, si cha umma, lakini humwezesha mwanafunzi kusoma akilala nyumbani. Kwa wenye nia ya ustawi wa jamii, Taasisi ya Ustawi wa Jamii iliyoko Kijitonyama, Dar es Salaam, ni ya umma na imefundisha fani hiyo tangu miaka ya 1970.

HESABU YA FEDHA

Katika mkoa huu hesabu ya chuo hufungamana na korosho. Minada ya msimu huanza kwa kawaida Oktoba, na mkulima hulipwa kupitia chama cha msingi baada ya mzigo kuuzwa ghalani. Vyuo navyo hufunguliwa kati ya Oktoba na Novemba. Kaya iliyouza mapema hulipa ada kwa wakati. Kaya ambayo mzigo wake umechelewa hulazimika kukopa au kuomba chuo muda. Msimu wa mwaka 2018 ulitoa funzo: wakulima waligomea bei za wanunuzi, na Novemba Serikali ikaamua kununua korosho yenyewe kwa Sh3,300 kwa kilo. Waliotegemea fedha za Oktoba walisubiri.

Kwa wavuvi wa Msimbati, Mkubiru na vijiji vya maingilio ya Mto Ruvuma, kipato hufuata upepo wa kusi na kaskazi. Hakuna kalenda ya chuo inayoujali upepo huo. Ndiyo maana mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), iliyoanza kazi mwaka 2005, ndio huamua kama wengi watasoma au watabaki nyumbani.

Mambo matatu yanapaswa kufahamika. Kwanza, miongozo ya bodi imekuwa ikizipanga programu katika makundi ya kipaumbele, na sayansi ya jamii kwa kawaida haiwi katika kundi la kwanza pamoja na afya, uhandisi na ualimu wa sayansi. Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/23, nao ni kwa waliofanya vizuri zaidi katika masomo ya sayansi. Pili, maombi ya mkopo hudai vyeti vya kuzaliwa, au vya vifo vya wazazi kwa yatima, vilivyohakikiwa na Rita, na kaya zilizo katika mpango wa Tasaf huambatisha uthibitisho wake. Wengi hukwama hapo, si kwa umaskini wao bali kwa karatasi. Tatu, mkopo ni deni. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara.

Familia yenye busara hufanya hesabu mbili: moja ikiwa mkopo utapatikana wote, nyingine ikiwa utapatikana nusu. Chuo ambacho hesabu ya pili inakivumilia ndicho salama zaidi.

SAFARI

Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni takribani kilomita 560 kwa barabara. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, abiria walisubiri kivuko katika Mto Rufiji, na safari ingeweza kuchukua siku kadhaa wakati wa masika. Sasa basi huondoka alfajiri na kufika siku hiyohiyo. Lakini barabara bado ni moja. Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, mafuriko yaliikata katika eneo la Somanga mkoani Lindi, na njia iliyobaki ikawa kuzunguka kupitia Tunduru na Songea.

Anayekwenda Dodoma huongeza kilomita zipatazo 450. Treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma Julai 2024, kupitia Morogoro, imefupisha sehemu hiyo ya safari kwa wanafunzi wa Udom na Mzumbe pia. Hata hivyo, tofauti ya nauli kwa safari nne au sita kwa mwaka si ya kupuuzwa. Izidishwe kwa miaka mitatu kabla ya kusema chuo fulani ni nafuu.

JINA LA SHAHADA NA AJIRA

Jambo linalosahaulika zaidi ni jina la shahada yenyewe. Nafasi za utumishi wa umma hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, na kila tangazo hutaja fani zinazokubalika. Ofisa maendeleo ya jamii, ofisa ustawi wa jamii, ofisa utumishi, mchumi na ofisa mipango ni kada tofauti, na kila moja ina orodha yake. Mhitimu ambaye shahada yake haimo katika orodha huachwa, hata kama amesoma mambo yaleyale chini ya jina lingine.

Njia rahisi ni kuanza na tangazo. Mwombaji asome matangazo ya kazi anayoitamani ya miaka miwili au mitatu iliyopita, aandike majina ya shahada yaliyotajwa, kisha aangalie ni chuo kipi kinazitoa. Anayetamani kubaki chuoni kama mhadhiri ajue kwamba nafasi ya mkufunzi msaidizi hudai wastani wa angalau 3.8 kati ya 5.0. Wastani huo hujengwa tangu muhula wa kwanza, wakati wengi bado wanazoea mihadhara ya Kiingereza na maisha ya ugenini.

Ukweli mwingine ni kwamba wahitimu wa fani hizi ni wengi kuliko nafasi za Serikali. Waliofanikiwa nje ya ajira hizo aghalabu ni wale waliotoka chuoni na ujuzi wa ziada unaopimika: kuchambua takwimu kwa kompyuta, kuandika ripoti iliyonyooka, kuendesha utafiti wa kaya. Masomo ya mbinu za utafiti, ambayo wanafunzi wengi huyakimbia, ndiyo huuzika.

KUSINI INAHITAJI WATAFITI WAKE

Mkoa wa Mtwara, wenye watu zaidi ya milioni 1.6 kwa sensa ya mwaka 2022, ni darasa la sayansi ya jamii. Bandari yake ilizaliwa na mpango wa karanga wa Waingereza wa mwaka 1947 hadi 1951, uliokufa kwa kutoijua ardhi na watu wake. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, ina vijiji ndani ya mipaka yake, na swali la nani avue wapi halijawahi kuwa jepesi. Mwaka 2013 mpango wa kusafirisha gesi kwa bomba kwenda Dar es Salaam ulizua ghasia na vifo. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, kando ya Ruvuma, kilishambuliwa na watu wenye silaha kutoka upande wa Msumbiji, ambako mapigano ya Cabo Delgado yalikuwa yameanza mwaka 2017.

Maswali hayo yameandikwa sana na wageni. Kijana anayejua Kimakonde au Kiyao, anayefahamu kwa nini mjomba ana neno la mwisho katika ukoo na jinsi mgawo wa korosho unavyofanyika, ana kitu ambacho mtafiti wa mbali hukinunua kwa mkalimani. Chuo kinachofaa ni kile kitakachompa mbinu za kukitumia.

KABLA YA KUTHIBITISHA

Kwa muhtasari, mwombaji ajibu maswali matano: Ni kazi gani anayoitaka, na inadai shahada yenye jina gani? Je, alama zake zinashindana na za wengine, au zimefikia kiwango cha chini tu? Atalala wapi mwaka wa kwanza? Familia itavumilia vipi ikiwa mkopo utakuwa nusu? Na idara husika ina wahadhiri na vitabu vya fani hiyo?

Anayelenga utafiti, uandishi au masomo ya juu, na mwenye pa kufikia jijini, ana sababu ya kutanguliza Mlimani. Anayehitaji bweni na kulenga wizara au uhusiano wa kimataifa aiangalie Dodoma kwa makini. Anayejua tangu sasa kwamba atafanya kazi halmashauri, Mzumbe inamhusu. Asiyeweza kuondoka asione haya kusoma Huria. Uhamisho kutoka chuo kimoja kwenda kingine upo, lakini una masharti na muda wake, na huweza kumgharimu mwanafunzi mwaka mzima. Ni nafuu kuuliza maswali hayo Julai, kabla ya kuthibitisha, kuliko kuyauliza Januari chuoni huku fedha za msimu zimekwisha.